Mishale Iliyosimama Wima

Fundi mmoja mzee ninayemfahamu huko Igogwe, Rungwe, hafungui boneti kabla ya kuuliza. Kijana akifika na Subaru Forester yake yenye tabo, boksi la geji tatu kwapani, atapokewa vizuri, shikamoo yake itaitikiwa, atasogezewa kigoda, kisha maswali yataanza. Unakaa wapi, mwanangu? Gari linalala nje? Ukishuka Kyela unarudi siku hiyohiyo? Unapanda na watu wangapi, na mizigo? Nani mwingine analiendesha? Kijana alikuja kufungiwa vitu vya kuwaka usiku, sasa anaanza kutazama simu. Mzee hana haraka. Anataka kwanza kujua injini hiyo inaishi maisha gani, maana kwake geji huchaguliwa kwa barabara na kwa mzigo. Boksi hufunguliwa mwisho, na mara nyingine halifunguliwi kabisa.

Siku hizi ni wapi tena mnunuzi anaulizwa hivyo? Dukani anaulizwa rangi anayotaka. Wapo wanaouza geji seti nzima, tatu kwenye fremu moja, na aliyezinunua hajui ya kati inapima nini. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu kuchagua geji ni kazi ya akili na ya uzoefu, na watu wanaoijua wanazeeka.

Anayeifahamu barabara yetu ya Uyole hadi Kyela ataelewa maswali ya mzee. Kyela iko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, kwenye joto la ziwa. Kutoka huko unapanda hadi Tukuyu, unashuka na kupanda kupitia Kiwira, kisha unaukabili mwinuko wa Isongole na Ntokela, zaidi ya mita 2,000, mahali ambapo ukungu unaweza kulala barabarani hata mchana. Baada ya hapo ndipo unateremkia Uyole. Huku ni Rungwe, mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na ukiiacha lami kuelekea vijijini utelezi unakulazimisha kwenda kwa gia ndogo na mguu mzito. Injini yenye tabo inapata mtihani wake wote katika safari moja: joto la bondeni, mlima mrefu, hewa nyepesi, mzigo wa viazi au ndizi nyuma.

Hewa hiyo nyepesi ndiyo kitu cha kwanza ambacho mzee humweleza kijana, na sijapata kuisikia ikielezwa vizuri zaidi. Ntokela, karibu sehemu moja kati ya tano ya hewa ya pwani haipo. Geji ya tabo iliyosoma bar 0.8 Dar es Salaam itasoma 0.8 hapo pia, kwa kuwa inaipima presha kwa kuilinganisha na hewa iliyoizunguka. Lakini kule pwani tabo ilikuwa inaizidisha hewa mara 1.8 hivi, na hapa mlimani inaizidisha mara 2. Mshale umesimama palepale huku kazi imeongezeka. Shafti inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inaingia ikiwa ya moto zaidi. Kijana aliyefunga geji ya tabo peke yake anaiangalia, anaridhika, anazidi kukanyaga mafuta.

Ndiyo maana mpangilio wa mzee unaanzia kwenye oili, unakwenda kwenye joto la moshi, ndipo unafika kwenye presha ya tabo. Vijana wengi huanza na hii ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayochezacheza na kuwapendeza abiria.

Nitakaa kidogo kwenye oili. Asubuhi za Juni na Julai Rungwe ni baridi kali. Gari limelala nje, oili imekuwa nzito. Ukiwasha, mshale wa presha unaruka mpaka juu, bar 5 au 6, na asiyejua anafurahi kwamba injini yake ina nguvu. Presha hiyo ni ya oili nzito inayokataa kupita. Shafti ya tabo, ambayo ikishachanganya huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili hiyohiyo, na kwa wakati huo haijaipata sawasawa. Dereva aliyefundishwa huendesha taratibu, haongezi mafuta, anausubiri mshale ushuke wenyewe. Jioni mambo yanageuka: umepanda kutoka Kyela na jua la bondeni, umesimama Tukuyu, injini inanguruma bila kukanyagwa, mshale umeshuka kwenye bar 1. Hapo pia asiyejua anaogopa bure. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni yao ya kukadiria, kama bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Ukiifahamu hiyo, na ukaujua mshale wako ulivyozoea kusimama kila kilima, siku utakapokuwa umepungua kidogo tu mahali palepale utajua beringi zimeanza kulegea au oili imechoka. Utajua mapema, gari likiwa bado zima. Wenye Subaru wanaozungumzia injini iliyonoki husema ilitokea ghafla, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimetoa dalili muda mrefu kwa mtu ambaye angekuwa na mahali pa kuzionea.

Joto la moshi ni habari ya wenye dizeli zaidi, na huku dizeli ndiyo inayobeba maisha. Ncha ya kipimo huingizwa kwenye manifodi, kabla ya tabo, pale moshi unapotoka kwenye silinda ukiwa bado na ukali wake. Wako wanaoiweka baada ya tabo kwa kuogopa isije ikakatika ikaingia kwenye mapanga. Mzee hawalaumu, ila huwakumbusha kwamba huko nyuma joto husomeka limepungua digrii mia na zaidi gari likiwa na mzigo. Kwenye injini yenye silinda hedi ya alumini hapendi mshale ukae juu ya digrii 700 kwa muda mrefu mlimani. Pistoni nazo ni alumini, na alumini huyeyuka kwenye digrii 660. Kinachoziokoa ni oili, maji, na huruma ya mguu wa dereva. Uzuri wa geji hii ni kwamba inamfundisha mtu kuendesha. Panda Isongole kwa gia kubwa, mguu umekandamiza, uone mshale unavyotambaa kwenda juu. Punguza gia moja, legeza mguu, na kabla hujafika kona inayofuata umeanza kurudi. Dereva aliyekaa na geji hii kwa mwaka mmoja hupanda mlima vizuri hata akipewa gari lisilo nayo.

Huku tunayo magari yanayoihitaji kweli. Iko injini ya Toyota 1KZ-TE, ya lita 3, iliyokuja na Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990, ambayo ukiiacha ichemshe mara moja hedi yake inaweza kupasuka. Iko 1HZ ya Land Cruiser, gari la hospitali za misheni na miradi, injini ya lita 4.2 isiyozaliwa na tabo. Watu huifungia tabo ili ipande vizuri, na inapanda kweli, lakini imeumbwa na mbano wa 22.4 kwa 1, wakati ndugu yake 1HD-T aliyetoka kiwandani na tabo alipewa 18.6. Kuifungia tabo 1HZ bila geji ya joto la moshi ni kumpandisha mlima akiwa amefumbwa macho. Nafikiria Land Cruiser inayopanda usiku kuelekea hospitali ya Igogwe, mama mjamzito nyuma, mvua imeshika, na najua gharama ya mshale usiokuwepo haiishii kwenye silinda hedi.

Kuhusu temprecha ya maji, mzee ana msimamo wake. Geji ya maji ni lazima lakini haitoshi, kwa sababu ikitokea paipu imepasuka na maji yamekwisha, ncha ya kipimo hubaki hewani na mshale unaweza kushuka. Dereva anaona gari limepoa, kumbe linaungua. Kwa hiyo pembeni yake hufunga kipimo kinachobanwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi yenyewe. Wafugaji wa huku humshika ng'ombe sikio wapate kujua kama ana homa. Kipimo hicho ndicho sikio la injini. Halafu hukagua kifuniko cha rejeta kabla ya kuamini geji yoyote, kwani kwa mita 2,000 maji yasiyo na presha huchemka kwenye digrii 93 hivi, na kifuniko kilicholegea kinatosha kukufanya usimame Ntokela na dumu mkononi.

Lakini kitu kinachonifanya niandike haya ni kingine, nacho ni kidogo. Nilikiona nikiwa mtoto wa shule, kwenye lori la ndizi alilokuwa akiendesha mjomba wangu kutoka Kiwira hadi Dar es Salaam. Likizo ilipofika alinichukua mara moja, nikakaa katikati, yeye kulia, utingo kushoto, na mbele yangu palikuwa na geji zilizoongezwa na fundi chini ya zile za kiwandani. Niliona zimefungwa vibaya. Namba zilikuwa zimelala. Katika moja sifuri ilikuwa imeangalia chini kabisa, katika nyingine namba zote zilikuwa zimeinama kama bati la nyumba. Nilimwambia mjomba kwamba fundi alikosea. Hakunijibu hapo.

Alinijibu usiku, wakati wa kurudi, kwenye mlima wa Kitonga. Lori linapanda polepole, kona baada ya kona, yeye macho hayatoki barabarani, mikono miwili kwenye usukani mkubwa. Akaniambia, angalia mishale, usisome namba. Nikaangalia. Yote ilikuwa imesimama wima, sambamba, ikielekeza juu. Fundi alikuwa amezungusha kila geji kwenye tundu lake mpaka usomaji wa kawaida wa lori lile, likiwa na moto na mzigo, ukaangukia juu kabisa. Mjomba hakuhitaji kusoma chochote. Mshale mmoja ukiinama, jicho linauona bila kuutafuta, hata pembeni, hata gizani, hata dereva akiwa amechoka. Kitambo kidogo mmoja uliinama kwenda kulia, akapunguza gia, ukarudi. Hakuwa ameusema kwa jina. Utingo alikuwa akiimba na hakuacha kuimba.

Marubani na madereva wa mashindano wanaifahamu mbinu hii tangu zamani. Lakini ya lori la ndizi ilifanywa na fundi wa wilayani aliyekwenda kwanza na gari safari ya majaribio, akiwa na chaki, akaweka alama kwenye kioo cha kila geji pale mshale ulipotulia, ndipo akarudi kuzifunga. Mzee wa Igogwe bado anafanya hivyo. Humtaka mwenye gari waende pamoja hadi Ntokela na kurudi, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, na alama huziweka njiani. Sijaona mwingine anayedai safari hiyo. Na kuna jambo jingine linalofuata hapo: ili mshale usimame wima katikati ya safari yake, lazima geji iwe na kipimo kinachoifaa injini. Tabo ya bar 0.8 inataka geji inayoishia kwenye 2. Ukinunua inayoishia 4 kwa sababu namba kubwa zinavutia, mshale wako utaishi kwenye kona ndogo ya chini na mabadiliko yenye maana hutayaona kamwe.

Taa ya geji nayo mzee huichagua. Hupenda kijani au manjano iliyofifia. Bluu humchosha dereva macho usiku, na kwenye ukungu wa Isongole inarudi kwenye kioo cha mbele. Geji yenye mpira mbovu kwenye kioo anaikataa moja kwa moja: unyevu wa Rungwe utaingia ndani, na baada ya msimu mmoja wa masika hutaona kitu.

Kisha kuna thredi. Hapa ndipo gereji bubu nyingi zinapoua injini za watu. Tundu la oili kwenye injini nyingi za Kijapani limekatwa kwa kipimo cha Kiingereza chenye meno 28 kwa inchi. Vipimo vingi vya geji za Kimarekani vimekatwa kwa meno 27. Kwa macho ni kitu kimoja. Ukikiingiza kwa mkono kinaingia mizunguko ya kwanza bila ubishi, halafu kinakaza, na fundi mwenye haraka anachukua spana. Wakati huo bloku inapasuka, au thredi zinalika na oili inaanza kuvuja kidogokidogo. Mzee huzijua kwa kidole. Hupitisha ukucha wa gumba, anatulia, anasema hii ya wapi. Ana mkebe wa viungo vya shaba alivyokusanya kwa miaka, vya kuunganisha kipimo cha nchi moja na tundu la nchi nyingine. Na hazungushi tepu nyingi, maana kipimo chenye waya mmoja hurudishia umeme kwenye chuma cha injini, ukikivika tepu yote mshale utadanganya. Akitumia geji ya bomba, ile inayoletewa oili yenyewe mpaka dashibodi, huikunja bomba ya shaba mizunguko kadhaa karibu na injini ili mtikisiko uishie hapo. Bomba za plastiki hazigusi. Oili ya moto ikimwagika kwenye miguu ya dereva Kitonga, anasema, geji nzuri haitamsaidia.

Ufundi huu una ukoo mrefu. Mfaransa Eugène Bourdon alipata hataza ya geji ya presha mwaka 1849, bomba iliyopinda inayojinyoosha ikijaa, na ndani ya geji ya bomba ya mzee wa Igogwe kitu ni kilekile. Geji ya joto la moshi inategemea jambo aliloligundua Thomas Seebeck mwaka 1821, nyaya za metali mbili zikiunganishwa na kupashwa moto hutoa umeme. Tabo ilisajiliwa na Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905. Kwetu, kizazi cha madereva wanaosoma mishale kililelewa na barabara ya Zambia. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia na sehemu ya shaba yake vililazimika kupita Tanzania, na kuanzia 1966 malori ya Fiat ya Zambia-Tanzania Road Services yalipasua vumbi na matope kupitia Mbeya. Dereva wa wakati ule alikuwa mbali na fundi kwa siku nzima, na rafiki yake pekee njiani alikuwa dashibodi. Baadaye Safari Rally ikatuonyesha tabo yenyewe: Toyota Celica ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984 na 1986 ikiendeshwa na Björn Waldegård, 1985 na Juha Kankkunen, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda na Celica ya tabo. Vijana waliomshangilia Duncan walivutiwa na mlio. Ningetamani wangevutiwa pia na macho yake yalivyokuwa yakishuka kwenye dashibodi.

Watengenezaji wenyewe wametugeuka. Katika magari mengi ya siku hizi mshale wa temprecha umefanywa ukae katikati hata maji yakipanda au kushuka kwa makumi ya digrii, eti ili mteja asipate wasiwasi. Mazda walifikia hatua ya kuweka kwenye gari lao la Miata, kuanzia miaka ya katikati ya 1990, mshale wa presha ya oili ambao nyuma yake mna swichi tu: presha ipo au haipo. Mshale wa namna hiyo ni uongo uliochorwa namba. Siku hizi tunaambiwa tuchomeke kifaa kidogo chini ya usukani tusomee kwenye simu. Kifaa hicho kina faida zake, ila husoma kile tu ambacho kompyuta ya gari inakijua, na magari mengi tunayoendesha hayana kipimo cha presha ya oili cha kuiambia kompyuta hiyo.

Linaloniuma zaidi ni geji tunazozitupa. Forester na Impreza nyingi zinatoka Japani zikiwa na geji ambazo mmiliki wa kwanza alizichagua kwa akili, Defi za Nippon Seiki, zimefungwa kwenye nguzo ya kioo kwa uangalifu, pamoja na taima inayoiacha injini ingurume kidogo baada ya kuzima, tabo ipoe. Gari likishapata mnunuzi huku, zinang'olewa zikauzwe peke yake, au nyaya zinakatwa na fundi wa redio anayetafuta nafasi ya skrini. Matundu yanazibwa kwa gundi. Mnunuzi hajui alichopoteza. Vijana wawili waliojifunza kwa mzee wameondoka, mmoja anafunga muziki Mbeya mjini, mwingine yuko Tunduma kwenye biashara nyingine kabisa, na mkebe wa viungo vya shaba haujapata wa kuurithi. Sokoni Mwanjelwa nikiulizia geji ya bomba naonyeshwa taa. Na magari ya tabo yanaongezeka kila mwezi kwenye barabara ya Uyole hadi Kyela, yanapanda Ntokela yamejaa watu, yakiwa na taa moja nyekundu ya oili, ambayo kwa kawaida huwaka presha ikiwa imekwisha kushuka chini ya nusu bar.